Moto chini, moto juu: tukisema "familia itamtunza", tunamsema nani?

Kwa karibu miaka mitatu nilijihesabu kuwa mtoto mwema. Mshahara ukiingia, kabla sijanunua hata umeme, namtumia dada elfu themanini na ya kutolea juu. Dakika kumi baadaye ujumbe unarudi: "Imefika mdogo wangu, Mungu akuzidishie." Basi, nimemaliza zamu yangu ya mwezi. Mama yetu alipatwa na kiharusi nyumbani Machame, upande wote wa kulia ukalala, na baada ya wiki tatu za hospitali akapelekwa Dar es Salaam kwa dada, Kimara. Hakuna aliyeamua hivyo. Nimejaribu kukumbuka ni kikao gani kiliketi na nani alisema nini, sikumbuki, kwa sababu hakikuwapo. Kaka yetu wa pili anaishi Arusha, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Machame, na nyumba yake ina vyumba vinne. Sisi ni wanne, wanaume watatu na dada peke yake, na gari lililombeba mama lilijua lenyewe pa kwenda.

Kisha dada naye akalazwa, siku sita. Shemeji ni dereva wa malori, siku hizo alikuwa kwenye foleni ya Tunduma. Mimi nilikuwa likizo Dodoma. Nikapanda treni.

Usiku mama anageuzwa kila baada ya saa mbili. Ngozi ya mtu aliyepooza ikilaliwa upande mmoja usiku kucha huchubuka, na kidonda cha kulalia kikishaingia hakitoki kirahisi. Kwa hiyo ni saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Hapo saa nane kichanga cha dada nacho kinaamka, kina miezi minane na meno yanachomoza. Saa kumi na moja alfajiri uji wa lishe unapikwa kwenye sufuria moja na kugawanywa mara mbili, mwepesi kidogo wa mtoto na mzito wa mama, maana koo la mwenye kiharusi haliyawezi majimaji, yanampalia. Unalisha kijiko huku, kijiko kule. Katikati ya vijiko anatokea wa darasa la sita, soksi hazionekani, na wa darasa la tatu anakumbuka sasa hivi kwamba mwalimu alisema waje na manila.

Halafu kuogesha. Hapa niseme ukweli wote. Nilijaza karai, nikashika taulo, nikafika mlangoni, nikarudi koridoni. Nikaenda tena, nikarudi tena. Jirani mmoja, mama mtu mzima, aliyekuja kuuliza hali ya dada, alinikuta nimesimama na karai mkononi kama mtu aliyepotea njia. Akalichukua. "Toka baba," akaniambia, "hii kazi yetu." Nikatoka, na nilishukuru. Nimelifikiria sana lile neno "yetu" tangu siku hiyo. Tunaiita heshima, kwamba mtoto wa kiume hawezi kumwona mama yake hivyo. Lakini heshima hiyo ina faida, na faida yake inaangukia upande mmoja tu: inanitoa chumbani saa ya kazi na kumwingiza mwanamke yeyote aliye karibu, hata kama si wa ukoo wetu. Siku ya tatu niliingia mwenyewe. Mama alifumba macho, nami nikaangalia ukuta. Tulimaliza.

Siku ya nne ilikuwa kliniki. Kutoka saa kumi alfajiri, bajaji hadi mlangoni kwa sababu hawezi kupanda daladala wala mwendokasi, kumbeba ngazi tano, foleni, dirisha la wazee, daktari kwa dakika sita, kisha famasi: dawa mbili zipo, ya tatu hakuna, kanunue nje. Tumerudi saa tisa alasiri. Mzee asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure, sera inasema hivyo, na katika karatasi nilizobaki nazo mkononi siku ile neno bure lilikuwapo. Bajaji haikuwa bure. Wala siku nzima ya mtu mzima mwenye nguvu zake.

Nilikuwa nimeanza kuandika saa kwenye simu tangu siku ya pili, tabia ya watu wa ofisini. Kazi ya mama peke yake, bila watoto, bila kupika chakula cha nyumba, ilifika saa tisa kwa siku. Na dada ana ajira: ni karani wa mahesabu katika kampuni binafsi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukiongeza Morogoro Road kwenda na kurudi. Jumlisha mwenyewe. Siku haina saa za kutosha. Mahali zinapopatikana ni kwenye usingizi wake, ndiyo maana naye alilazwa.

Wamarekani waliipa hali hii jina mwaka 1981: kizazi cha sandwichi, watu walio katikati ya watoto wanaokua na wazazi wanaozeeka. Jina limezunguka dunia nzima, mimi halijanikaa. Sandwichi ni kitu cha baridi, mkate laini juu, mkate laini chini. Jikoni kwetu iko picha ya kweli zaidi, wali wa kupalia. Maji yakikauka unafunika sufuria, makaa mengine yanabaki chini na mengine unayapandisha juu ya kifuniko, wali uive kwa moto wa pande mbili. Mpishi mzuri anajua muda wa kuondoa makaa. Akisahau, unakuta ukoko juu na ukoko chini, na katikati hakuna cha kula.

Shirika la Kazi Duniani lilipopiga hesabu mwaka 2018 lilikuta kwamba asilimia 76.2 ya saa zote za kulea na kuhudumia bila malipo duniani zinafanywa na wanawake. Kwa hiyo hili si la Kimara wala la Wachaga. Ila kila nchi ina namna yake ya kulificha, na namna yetu ni neno "familia".

Mwaka uleule wa 1981, mwezi Juni, wakuu wa nchi za Afrika wakiwa Nairobi walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kifungu cha 29 kinampa kila mtu wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wanapokuwa na shida. Kila mtu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo ikaiweka familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, na makao ya wazee yakawa kimbilio la mwisho. Sina ugomvi na nia. Nani anataka mama yake azeekee kwenye makao ya Nunge, hata kama pale Kigamboni kuna wahudumu wenye moyo? Ugomvi wangu uko kwenye kauli yenyewe. Familia haiamki saa nane usiku kumgeuza mtu. Anaamka mtu mmoja mwenye jina, na katika nyumba nyingi ninazozijua jina hilo ni la kike: binti, mkaza mwana, mjukuu wa kike aliyeachishwa shule "kwa muda". Ukiandika "familia" kwenye sera, umeandika jina lake kwa wino usioonekana. Wakenya walau katika Katiba yao ya 2010, ibara ya 57, walisema mzee ana haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa Dola. Utekelezaji una kelele zake, lakini lile neno dogo "na" lina thamani.

Sasa tazama sheria zinavyomwona dada.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Vizuri. Inampa kila mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Vizuri pia, ingawa za dada zimekatwakatwa zote kuwa siku za kliniki, ufukwe wenyewe anauona kwenye kalenda za benki. Kisha kuna likizo ndogo ya siku zisizopungua nne, katika mzunguko wa miezi 36, kwa mambo haya: mtoto wako akiugua au akifariki, au akifariki mwenzi wako, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu yako. Soma tena polepole. Mtoto akiugua, umo. Mzazi akiugua, humo. Mzazi anaingia katika kifungu kile akiwa maiti. Dada anaweza kupewa ruhusa ya kumzika mama kwa malipo kamili. Ya kumpeleka kliniki awe hai, aombe hisani ya bosi. Marekebisho ya mwaka 2025 yameongeza likizo inayoweza kufika siku 30, bila malipo. Kwa mtu anayenunua pampasi za wakubwa, likizo bila malipo ni sawa na kumwambia mwenye njaa kwamba ameruhusiwa kufunga.

Au chukua kadi ya bima. Mwanachama mwajiriwa wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya anaingia yeye, mwenzi wake, na wategemezi wasiozidi wanne, ambao wanaweza kuwa watoto, wazazi au wakwe. Dada ana watoto watatu. Imebaki nafasi moja. Ana mama mwenye kiharusi Kimara, na ana mama mkwe mwenye sukari Lushoto. Nikikuambia kwamba nafasi ile ya nne ilikaribia kuvunja ndoa utadhani natia chumvi. Shemeji hana bima ya kazini, dereva wa lori analipwa kwa safari. Mimi ninayo, ya kampuni, lakini yangu inachukua mke na watoto tu, mzazi haitambui. Kaka wawili hali kadhalika, au ndivyo wanavyosema. Kwa hiyo katika ukoo mzima wenye wanaume watatu wenye kazi, wazee wawili wanagombea mstari mmoja kwenye kadi ya mwanamke mmoja. Aliyeweka idadi ya nne hakuwa na ubaya, alikuwa anapiga hesabu ya mfuko usifilisike. Lakini hesabu hiyo ilidhani wazazi wa mtu ni jambo la ziada, la kujazia nafasi ikibaki.

Niende kwenye mila, maana huko ndiko wengi tunakokimbilia tukibanwa. Kwetu Uchagani, nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho. Si zawadi ya bure, ni mkataba: kitinda mimba anabaki nyumbani, wazee wanazeekea mikononi mwake. Mikononi mwa mke wake, tuseme wazi. Mkaza mwana ndiye aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe, akilea watoto na kumwosha mkwewe, na watu walimwona akifanya hivyo, majirani walikuwa hatua kumi, shangazi walikuja wakakaa mwezi. Kulikuwa na moto pande mbili hata wakati ule, ila jiko lilizungukwa na watu.

Mimi ndiye kitinda mimba. Migomba ni yangu, kahawa ni yangu, nyumba ya mama yenye bati jipya ni yangu, ukoo mzima unajua. Niko Dodoma naandika makala. Mkataba umevunjika upande wa kazi, upande wa mali umebaki imara kabisa, wala hakuna mzee wa ukoo aliyewahi kuniuliza.

Nje ya Uchagani kulikuwa na maandishi kabisa. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililokusanya sheria za mila za makabila yanayofuata upande wa baba katika wilaya nyingi za Bara, linawapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza, kisha watoto wengine wa kiume, na mabinti daraja la tatu. Mjane, ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake, hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ilitamka kwamba kanuni hizo zinawabagua wajane. Mimi naongeza jingine dogo. Kanuni ile ilimnyima mjane mali ikampa mtu, yaani ilimpa binti yake. Yule wa daraja la tatu kwenye urithi ndiye wa kwanza kwenye kuuguza, na mali iliyotakiwa kulipia kazi hiyo imekwenda kwa kaka.

Na wala hatuwezi kusema hatukuambiwa. Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilisema bila kupepesa kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, mara nyingine saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Likizo! Tulilikariri Azimio shuleni, tukaimba mabenki na viwanda, ukurasa ule tukaufunua haraka.

Waliokuwa wanamudu wamepata njia ya kutokea, nami siwezi kuwacheka kwa sababu dada ni mmoja wao. Ana msichana wa kazi, wa miaka kumi na tisa, kutoka Singida. Bila yeye nyumba ile ingekuwa imekwama zamani. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Dada anamlipa zaidi ya hiyo ya kwanza, kidogo. Usiku wa tano, mama akiwa amelala, nilimuuliza kwao kukoje. Akasema alilelewa na bibi, bibi sasa haoni vizuri, anayekaa naye ni mdogo wake wa miaka kumi na miwili. Hapo nikaelewa kwamba hatukuondoa makaa juu ya kifuniko. Tumeyahamishia sufuria nyingine, ndogo zaidi, mkoani, ambako hakuna kamera wala makala.

Mama ameanza pia kusahau. Ananiita jina la mjomba aliyekufa kabla sijazaliwa, na kuna jioni anataka kwenda kufunga mbuzi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, kwetu kabisa, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta ugonjwa wa kusahau wa uzeeni kwa watu sita hivi katika kila 100 waliofika miaka 70. Wilayani kwetu watu husema "uzee tu". Kuna maeneo ya nchi hii ambako bibi anayeongea peke yake usiku, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka hamsini, ameitwa mchawi na kukatwa mapanga. Yale macho mekundu ni ushahidi wa kazi, wa kila ugali aliopikia watu wa nyumba ile. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na bado naona haitoshi.

Lakini uchambuzi wa jambo hili ukiishia kwenye huruma, tutamalizia palepale kwenye "pole dada". Nimrudishe dada kwenye karatasi. Ameshafikiria kuacha kazi, na mwezi ule aliolazwa shemeji alimwambia aache. Ana miaka tisa ya michango kwenye NSSF, miezi 108. Pensheni ya kila mwezi inahitaji miezi isiyopungua 180. Akiacha leo, miaka tisa inageuka fungu moja la fedha, fungu linakwisha kwenye ada na paa, na siku akifika sitini atakuwa hana pensheni, ana presha, na ana binti. Yule wa darasa la tatu, mwenye manila. Hivyo ndivyo kazi hii inavyorithishwa kutoka mama kwenda binti, na ndiyo sababu kusema "wanawake wetu wana moyo" ni kauli ya hatari. Inaufanya utaratibu wa fedha uonekane kama tabia ya asili.

Tulipigizana kelele nchi nzima kuhusu kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu. Mkupuo anaolipwa mstaafu ulipofanywa asilimia 33 mwaka 2022 watu walilia, na mwaka 2024 serikali ikaupandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu. Ilikuwa haki yao kulia. Sijasikia hata mgomo wa maneno kwa ajili ya anayeanguka mwezi wa 108 kwa sababu ya kumuuguza mzazi. Ujerumani miaka ya kulea mtoto inahesabiwa kwenye pensheni, na anayemuuguza ndugu nyumbani analipiwa michango na bima ya uuguzi. Sisi si Ujerumani, najua. Lakini kuhesabu ni jambo la kalamu kwanza.

Karibu zaidi, ng'ambo ya bahari tu, Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016: kila aliyefika miaka 70, awe alikuwa mwalimu au mvuvi, alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa waliotimiza 70, tangu 2018, ingawa wazee wanailalamikia kwa kuchelewa. Bara tuna TASAF kwa kaya maskini, na mama yangu, mwenye kihamba cha mwanawe na binti mwenye ajira, hawezi kuonekana maskini kwenye fomu yoyote. Wapo wanaosema pensheni ya namna hiyo italegeza maadili, watoto watasema mzee ana chake. Naona kinyume. Mzee mwenye elfu hamsini yake mkononi anaagiza dawa iliyokosekana dirishani bila kumwomba mkwe. Haitanunua pampasi za mwezi, na haitamgeuza mtu saa nane usiku, hilo nalikubali kabisa. Fedha ni nusu ya jambo.

Nusu ya pili ni mikono. Mitaani kwetu vituo vya kulelea watoto mchana viko kila kona, vimechorwa katuni ukutani. Kituo cha mzee mchana, mahali pa kumwacha saa mbili na kumchukua saa kumi na moja, sijawahi kuona bango lake. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Ningependa mmoja wao apite Kimara mara moja kwa wiki, aone mgongo wa mama, amfundishe yule msichana wa Singida namna ya kumnyanyua mgonjwa bila kuumiza kiuno. Ni kitu kidogo kuliko uwanja wa mpira. Na kwenye ile likizo ya siku nne, waongeze maneno mawili: mzazi akiugua. Kwa mwanamume pia, hasa kwa mwanamume, ili siku nyingine nikose kisingizio.

Najua nitaambiwa habari ya radhi. Dada huambiwa kila siku: utapata radhi za mama. Naamini katika radhi, mimi si mtu wa kuzicheka. Ila nimegundua kwamba katika familia yetu radhi ndiyo malipo ya mtu mmoja tu. Sisi wengine tunalipwa mashamba. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa miaka mitatu nimetuma elfu themanini kulipuliza lile kanda lipepee.

Wiki iliyopita niliandika kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Niliweka zile saa zangu za siku sita, zote, na mchana wa bajaji. Nikapendekeza kila mwanamume achukue wiki mbili kila robo ya mwaka, aje Kimara kwa miguu yake, asiyekuja alipie mhudumu wa pili kwa wiki hizo. Mwisho nikaandika kwamba kihamba na nyumba ya Machame viandikwe jina la dada.

Kaka wa Arusha amejibu hapohapo, haikufika dakika: hayo ya kihamba tuyaongee ana kwa ana. Kuhusu zamu, tiki mbili za bluu, tangu Jumatano.